Maji ya Nguvu

Siku tuliyomzika Prof, robine ya uani haikutoa hata tone. Watu walikuwa wamejaa mpaka barabarani, sufuria za bukari, ugali wetu, zimekaa juu ya mafiga zikingoja, akina mama wa parokia wamekunja mikono, na mimi, mwanamke mwenye wajukuu, niliyetoka Beni alfajiri nikiwa nimebanwa kati ya magunia ya kakao, natumwa kwa majirani na bidoni ya kuchotea maji kama msichana wa shule. Nilikasirika, kisha nikacheka, kisha nikakasirika tena kwa sababu nilicheka kilioni na watu waliniona. Lakini nani angejizuia? Mtu huyu aliusumbua mtaa mzima kwa ajili ya maji alipokuwa hai, na sasa amelala sebuleni ndani ya sanduku, suti imepigwa pasi, na bado hatuwezi kupika mpaka jambo la maji lishughulikiwe kwanza. Nikasimama kwenye mstari kwa jirani, mguu mmoja juu ya bidoni ili isiibwe, na mwaka wote ule wa vita ukaanza kunirudia.

Sitaeleza nilivyofika kuishi kwake. Vita vilikuwa vinahamisha watu, na mimi nilihamishwa, basi. Nilikuwa namaliza sekondari hapo Butembo, na nyumba ilikuwa ya shangazi yangu, ambaye mtaa wote ulimwita Mama Masika kwa jina la binti yake wa kwanza. Prof alikuwa mume wake. Alifundisha kemia, na kwetu mwalimu wa sekondari huitwa prof hata kama suruali yake ina kiraka. Sebule yao ilikuwa na meza moja, picha ya Bikira Maria, na makreti ya chupa tupu za bia yaliyopangwa kando ya kuta mpaka yakawa viti vyetu. Nyumba nyingi za mjini zilikuwa na makreti hayo mwaka ule. Lori la bia lilikuwa linakuja kutoka kusini, linashusha chupa zilizojaa na kupakia tupu. Kisha njia ikakatwa, lori halikurudi, na tukabaki tumekalia chupa. Wanaume waliozoea bia ya kiwanda wakaanza kuja uani kwa shangazi kunywa kasiksi, ile pombe ya ndizi ambayo zamani waliidharau mbele za watu. Mshahara wa Prof haukuwepo. Wazazi walimlipa kwa maharagi, wengine kwa salamu. Kwa hiyo kasiksi ndiyo iliyotulisha, na ukiisahau habari hiyo hutaelewa kwa nini nyumba ile ilikuwa na makelele.

Shangazi alikuwa na mkono wa kutengeneza kasiksi. Alizika ndizi shimoni mpaka ziive, akazimenya, akazikamua kwa majani, akaongeza maji ya robine na unga wa mtama uliokaangwa, akafunika mtumbwi wa kuchachushia kwa majani ya mgomba, akaenda zake misani. Hakuwahi kuuliza maji yametoka wapi wala yana nini ndani. Prof aliketi pembeni akimtazama, na siku moja, tukila bukari na sombe ya majani ya muhogo, akatangaza kwamba atatengeneza bia. Si kasiksi, bia hasa, ya njano, yenye povu, ya kutia kwenye zile chupa tulizokalia. Mtama ulikuwepo, ungechipushwa na kukaushwa. Uchungu ungetoka kwenye maganda ya kenkina, ule mti wa kwinini ambao kila mfanyabiashara wa Butembo aliuuza wakati ule. Chachu ingetoka kwenye masalio ya mtumbwi wa shangazi. Alieleza vizuri sana. Hata shangazi alisimamisha tonge lake hewani akasikiliza.

Bia ile ya kwanza ilinuka hospitali. Sina neno lingine. Ukiinywa ulijiona umelala wodini na mtu anapangusa sakafu. Mtu mwenye akili timamu angeimwaga na kurudi kwenye kasiksi. Prof alikaa na bilauri yake, akanusa, akaonja, akanusa tena, kisha akainua kichwa kama mtu aliyepata mwizi na kusema kosa ni la maji. Kuanzia siku hiyo hatukuwa na raha. Kila asubuhi, robine ilipoanza kukohoa, alikuwa wa kwanza kufika. Alichota kwenye chupa, akakwangua sabuni ndani yake, akaitikisa na kutazama: ikitoa povu jingi maji ni laini, ikitoa utando mweupe kama maziwa yaliyoharibika maji yana chokaa. Alichemsha maji kwenye sufuria ya shangazi mpaka yakauke yote, kisha akakwangua masalio kwa kucha na kuyaweka juu ya ulimi. Alichuma maua mekundu ya uzio wetu, akayachemsha, na ule mchuzi wake wa zambarau akautia matone ya limao ukawa mwekundu, akautia maji ya majivu ukawa wa kijani, halafu akautia maji ya robine akaniita nije niseme ni rangi gani. Nilisema sioni tofauti. Alisema ndiyo maana nilikuwa nashindwa kemia.

Haya yote yangekuwa mchezo wa mzee kama asingezuia kazi. Lakini alizuia. Maji hayakuruhusiwa kuingia kwenye mtumbwi kabla hajayapima, na kupima kulichukua muda anaotaka yeye. Namkumbuka shangazi amesimama mlangoni mwa jiko, ndizi zimeiva mpaka nzi wanaimba, wateja wanakaribia kuja, na Prof amejipanga mbele ya robine na chupa zake.

"Hapana gusa ile maji, Mama Masika, niko napima. D'abord on vérifie, kwanza kuhakikisha."

"Ndizi haingoje kuverifier, Baba Masika. Ndizi iliiva jana. Na batoto banakula leo."

Prof aliinama tena mbele ya robine. Alitikisa chupa yake. Shangazi aliniambia mara nyingi kwamba maji yamemfika shingoni, na kila aliposema hivyo Prof, ikiwa yu karibu, aliuliza kwa upole ni maji ya wapi. Hakuwa anafanya mzaha. Hilo ndilo lililoudhi zaidi.

Mwishowe akatoa uamuzi. Robine yetu, alisema, ina kasoro mbili. Ya kwanza, ina dawa. Alimaanisha ile dawa ambayo wasimamizi wa bomba walikuwa wanatia ili watu wasiugue kipindupindu. Ndiyo iliyonuka hospitali, na tiba yake ni kuyaacha maji katika beseni wazi usiku kucha. Ya pili, maji yetu ni laini mno, hayana chokaa, na bia nzuri hutaka maji yenye chokaa kidogo. Kwa Kifaransa maji hayo huitwa eau dure. Mtu wa pwani angesema maji magumu na mambo yangeishia hapo. Lakini Kiswahili chetu hakitengi hivyo. Kwetu kazi ngumu iko nguvu, mtihani mgumu uko nguvu, mkate uliokauka uko nguvu, na askari mwenye mabavu naye yuko nguvu. Kwa hiyo Prof, akiwaeleza wanywaji wa kasiksi uani kwa sauti ile ya darasani, akasema anatafuta maji ya nguvu. Robine ya Butembo ina dawa lakini haina nguvu, akasema. Anataka maji yasiyo na dawa, yenye nguvu yake yenyewe.

Inabidi nikumbushe ilikuwa miaka gani. Milimani juu ya mji, na porini kuelekea Lubero, walikuwepo vijana wapiganaji waliokuwa wananyunyiziwa maji na waganga wao kabla ya kupigana, na waliamini kwamba mwenye maji hayo risasi hazimwingii. Kila mtu Butembo aliijua habari hiyo, aliyeamini na asiyeamini. Hata jina tulilowaita lilitoka kwenye maji. Na wenye mji walikuwa askari wa waasi, ambao waliwaogopa vijana hao kuliko walivyokiri. Katika mji kama huo, mtu mzima na digrii yake anasimama uani mbele ya walevi na kusema anatafuta maji ya nguvu. Mimi nilikuwa msichana tu na moyo wangu ulishtuka. Yeye aliendelea kueleza chokaa.

Mletaji wa maji alikuwa Bwana Ramazani, Mwislamu wa Beni mwenye gari la mizigo, mtu mpole aliyesoma zamani na Prof. Alipita kwetu kila alipopanda kutoka Beni, akanywa chai sebuleni juu ya kreti, na Prof alimpa chupa tupu azijaze popote anapofika. Zikarudi moja moja: maji ya robine ya Beni, maji ya kijito cha Mutwanga yanayoshuka kutoka Ruwenzori, maji ya chemchemi ya Kayna. Prof aliandika jina la mahali kwenye kipande cha karatasi, akakibandika kwa uji wa muhogo, na kuzipanga chupa dirishani kwa mstari, Beni, Mutwanga, Kayna, ili mwanga upite ndani yake na azitazame vizuri. Mwanga ulipita, na wapita njia nao walitazama. Siku moja Ramazani aliweka kikombe chake chini na kumwambia jambo ambalo nililisikia kutoka jikoni nikichambua mchele.

"Prof, mi niko mwislamu, hata pombe yako sinywe, mais nakubebea maji juu uko ndugu yangu. Kwa barrière ya baaskari bananiuliza, ni maji ya nini? Nasema, ya Prof. Bananyamaza. Ile kunyamaza yabo hainifurahishe."

Prof alimjibu kwamba watu wakinyamaza ni kwamba wameelewa. Ramazani alinitazama mimi kupitia mlangoni, akatikisa kichwa. Alileta bidoni nzima ya maji ya Mutwanga safari iliyofuata, kwa sababu rafiki ni rafiki, lakini aliifunika kwa turubai.

Baadaye akaja mama mmoja. Sikumjua jina, alikuwa wa mtaa wa chini, mwembamba, kitambaa cheusi kichwani. Aliingia kwa upande wa nyuma na kumwomba Prof kidogo tu ya ile maji ya nguvu. Prof alifurahi. Hatimaye mtu mmoja Butembo ametaka kujua. Akamjazia chupa ya Mutwanga, akamwambia kwa Kiswahili chake cha darasani aende ajaribu mwenyewe nyumbani, ataona tofauti. Yeye alikuwa anafikiria sabuni. Yule mama akapiga goti kidogo, akasema wasingya, yaani asante kwa Kinande, akaenda. Siku chache baadaye alirudi na kuku mwekundu mwenye afya, akamkabidhi shangazi, na kwa mara ya kwanza shangazi akakubali kwamba maji yanaweza kuleta chakula. Tukamla kuku yule kwa ndizi za kupika. Tulikuwa tunanyonya mifupa Prof alipouliza kwa nini mtu atoe kuku kwa chupa ya maji, na mteja mmoja aliyekuwa uani akamjibu, kama mtu anayeeleza jambo lililo wazi, kwamba mtoto wa yule mama alishuka kutoka mlimani kusalimia, mama akamwogesha maji ya Prof kichwa mpaka miguu, na kijana akapanda tena bila woga.

Sijawahi kumwona mtu akiacha mfupa namna ile. Aliuweka sahani, akaosha mikono, akavaa koti na kwenda mtaa wa chini. Nilimfuata kwa sababu shangazi alinisukuma. Alisimama mlangoni kwa yule mama akajaribu kumweleza kwamba maji yale hayakuwa na kitu, ni chokaa, ni ya kupikia bia, amwite mtoto wake amwambie. Yule mama alimsikiliza, kisha akasema kwa heshima kwamba anaelewa, wenye siri hawasemi siri yao, na akafunga mlango polepole. Prof alibaki anautazama mlango. Kwa siku kadhaa hakupima maji. Shangazi alitengeneza kasiksi kwa amani, na ninasikitika kusema kwamba tulifurahi.

Askari walikuja mchana, tukiwa mezani. Hawakuvunja mlango, ulikuwa wazi. Walisoma vile vikaratasi dirishani, Beni, Mutwanga, Kayna, wakatazamana, kwa sababu majina hayo yalikuwa ya njia walizokuwa wanapigania au kuziogopa. Wakachukua chupa zote, bidoni ya Mutwanga, ule mchuzi wa maua, na Prof. Shangazi aliwafuata mpaka barabarani akiwaambia ni ya bia, ni ya bia tu, na mmoja akamjibu kwa Kilingala kwamba hata wao wanapenda bia. Ndani ya nyumba ilibaki ndoo moja ya bia ambayo Prof alikuwa ameitia chachu asubuhi ile, imefunikwa kitambaa. Hawakuiona.

Walimweka kwenye depo ya zamani ya kahawa iliyogeuzwa kambi. Kila siku shangazi na mimi tulipeleka chakula, tukakiacha kwa mlinzi, tukarudi na sahani bila kujua nani alikula. Njiani shangazi alimtukana mumewe kwa Kinande na kwa Kiswahili, na akimaliza alimwombea. Alitaka jambo moja tu, arudi nyumbani. Aliniambia yuko tayari kusema lolote, kukubali lolote, kupiga magoti mbele ya yeyote. Ulikuwa wakati wa kuua watu hovyo, na mtu akiingia depo ile kwa ajili ya mambo ya mlimani wachache walitoka.

Kisha siku moja komanda akatuita sisi wote wawili ndani. Ofisi yake ilikuwa chumba cha kupimia kahawa, mzani mkubwa bado umesimama pembeni. Prof alikuwa amekaa kwenye kiti, amekonda, ndevu zimeota, lakini mzima. Chupa zake zilikuwa zimepangwa mezani kwa mstari uleule. Askari walijaa mlangoni na dirishani. Wengi wao walikuwa vijana. Komanda alikuwa mtu wa mbali, Kilingala kilimjaa mdomoni, na aliongea na Prof kwa heshima kuliko nilivyotarajia.

"Prof, mi sikukamate juu ya masanga, ile bia yako," akasema. "Bale ba mulima bako na mayi yabo. Bana na ngai, baaskari bangu, bako naogopa kupanda kule. Utasema maneno yako juu ya bidon, banyunyiziwe, bapande. Kisha unarudia nyumba yako."

Prof aliuliza ni maneno gani, maana yeye hasemi maneno juu ya maji, yeye anasema kalisiamu, ile chokaa yake. Komanda aliipokea kalisiamu ile kwa uzito mkubwa.

"Njo sema ile," akasema.

Sitasahau uso wa shangazi. Aliona mlango umefunguka. Akashuka kwenye magoti yake, hapo sakafuni, kati ya mzani na meza. "Baba Masika," akamwambia, "sema calcium turudi nyumbani."

Ni neno moja. Mtu aliyelisema siku nzima bure, kwa walevi, kwa kuku, kwa mimi nisiyetaka kulisikia. Nilitamani kumshika mabega nimtikise kama chupa zake. Prof akamwambia mkewe kwa sauti ya chini kwamba kuna mama alimpa kuku, na shangazi akajua amempoteza, kwa sababu akaziba uso. Kisha Prof akamgeukia komanda na kuzungumza kwa ile sauti ya darasani, ya kusikika mpaka kiti cha nyuma.

"Mon commandant, weka bidon pale kwa ukuta, na maji ndani. Pigeni risasi. Kama maji inajilinda yenyewe, itaweza kulinda na bale batoto."

Nadhani komanda naye alikuwa nusu anaamini, au aliona vijana wake wanamtazama na hakutaka waone anakataa. Alicheka, akaamuru. Bidoni ya manjano ya Mutwanga ikabebwa uani na kusimamishwa kwenye ukuta, askari wakajipanga kando, na mmoja akapiga. Ilikuwa risasi moja. Bidoni iliruka, ikaanguka, na maji yakatoka mbele na nyuma kwa matundu mawili, yakatiririka mpaka kwenye viatu vyao. Waliyatazama tu yale maji yakiingia ardhini, na mimi niliwatazama wao. Kisha komanda akamnyang'anya askari bunduki, akarudi ndani, na kumpiga Prof kwa kitako chake upande wa kushoto wa kichwa. Sisi tukafukuzwa.

Hawakumuua, na mpaka leo sijui kwa nini. Siku chache baadaye kikosi kilipakiwa kwenye malori kuelekea Lubero, depo ikaachwa wazi, na Prof akaja nyumbani kwa miguu, ameshika ukuta wa kila nyumba njiani. Sikio la kushoto lilikuwa limekufa. La kulia lilibaki na nusu ya kazi yake, na nusu hiyo ikazidi kupungua. Shangazi alimwosha, akamlisha, akamfunga kichwa, na alipokwisha kuhakikisha kwamba hafi, akaanza kumgombeza, na hakuacha kwa maisha yao yote. Kwa nini hakusema? Neno moja lingemgharimu nini? Ilibidi agombeze kwa kupiga kelele, kwa sikio la kulia, kwa hiyo mtaa wote ulijua hoja zake kwa moyo. Prof alisikiliza alichoweza na akajibu kila mara kwamba wale vijana wangeamini. Ile ndoo iliyosahaulika tuliifungua wiki ile. Bia ilikuwa ya njano, imetulia, chungu kidogo, na nzuri sana. Nilimwambia ni nzuri. Alisema, nini? Ikabidi nizunguke meza nimwambie tena.

Hatukujua kamwe wale vijana wa depo waliishia wapi. Wengine walisema wote walikufa njia ya kusini, wengine walisema walivuka mpaka. Shangazi hakutaka kusikia habari zao. Alisema kama walikufa, basi Prof alitoa sikio bure, na kama walipona, hakuna hata mmoja aliyekuja kusema asante. Mimi, nikizeeka, nimejikuta nikimpa shangazi haki siku moja na Prof siku nyingine, na nimechoka kuhamahama. Prof alikuwa na haki. Lakini ni vigumu sana kuishi nyumba moja na mtu mwenye haki namna ile, na aliyebeba mzigo huo si mimi.

Basi tulipotoka makaburini, watu wanakula, nilimwona mwanaume mmoja amekaa peke yake kwenye benchi la wageni, kofia mkononi, hakuna aliyemhudumia kwa sababu hakuna aliyemjua. Nilimpelekea maji ya kunawa nikamuuliza ametoka wapi. Alisema Mutwanga, amesikia msiba kwenye redio, amepanda pikipiki mpaka Beni na kutoka Beni gari. Nikauliza alimjuaje Prof. Hakunijibu mimi. Alisimama akaenda alipokaa shangazi, akachuchumaa mbele yake kama inavyopasa, na kumwambia kwamba yeye alikuwa mmoja wa wale askari waliosimama uani siku ya bidoni. Alikuwa amekubali kupanda mlimani, akasema. Alikuwa anangoja maji tu. Walipoyaona yakimwagika, usiku ule yeye na mwenzake waliacha bunduki wakapita porini mpaka kwao. Sasa ana mke, ana watoto, analima kakao kidogo. Alisema pole, mama.

Shangazi hakulia. Alimtazama mtu yule kuanzia nywele mpaka viatu vyake vyenye vumbi, polepole. Kisha akasema kwa ile sauti kubwa ambayo hawezi tena kuipunguza.

"Miaka yote hii nilikuwa nauliza sikio ya bwana yangu ilienda wapi. Kumbe ilienda kwako."

Mtu yule aliinamisha kichwa. Shangazi akavuta sahani, akaipakia bukari, akaongeza nyama, akaongeza tena, akamwekea mikononi.

"Kula," akamwambia, na akakaa mbele yake mpaka akamaliza.